Namna ya kuandika sheria ya nyumba ya kupanga ikafuatwa

Kuta nyingi za Dar es Salaam zimeandikwa: "Ni marufuku kutupa taka hapa. Faini 50,000." Chini yake, taka. Saikolojia ya tabia haianzi kwa kulaumu ukaidi wa watu. Inauliza: mara ya mwisho kutozwa mtu hapa ilikuwa lini?

Mwaka 1966 mwanasaikolojia B.F. Skinner wa Marekani alitenganisha tabia inayofinyangwa na matokeo yenyewe na ile inayoongozwa na maneno. Mtoto mmoja haligusi jiko kwa kuwa liliwahi kumuunguza. Mwingine ameambiwa tu kwamba linaunguza. Huyu wa pili anatii kwa sababu kusikiliza maneno kumewahi kumfaa. Kila sheria yako inatumia akiba hiyo ya kuamini maneno.

Kwa hiyo andika mambo matatu: lini, tendo gani, kisha nini. "Tudumishe usafi wa choo" haina hata moja. Jaribu hivi: "Mwenye zamu asafishe choo Jumamosi kabla ya saa 3 asubuhi, kisha atie tiki kwenye daftari. Asiyesafisha atoe sh 2,000 za sabuni siku hiyohiyo." Tendo liwe la kuonekana kwa macho. "Usichafue" haimwelezi mtu ashike nini, fagio au ndoo.

Kwenye matokeo ndipo wengi wanapokosea. Sh 2,000 inayodaiwa kila mara ina nguvu kuliko 50,000 isiyodaiwa kamwe, na tishio lisilotimizwa huchosha hata matangazo mengine ya mwandishi huyohuyo. Faini usiyoweza kuitoza usiiandike. Na anayetimiza zamu aambiwe ahsante papo hapo, mbele ya wenzake.

Mwaka 1982 wanasaikolojia Zettle na Hayes walieleza kwamba utii si wa namna moja. Kuna anayetii kwa ajili ya aliyetoa amri, na kuna anayetii kwa kuwa ameona maneno yanalingana na hali halisi. Wa kwanza utamjua wiki ambayo mama mwenye nyumba amesafiri. Ili kupata utii wa pili, fanya matokeo yaonekane: kila Jumapili jioni mpangaji mmoja asome uniti za LUKU zilizobaki, wote wakisikia. Wakiona umeme umedumu siku mbili zaidi tangu pasi zianze kuzimwa, hutahitaji kuwasimamia.

Sheria nzuri nayo ina hatari yake. Katika majaribio, watu walioelekezwa namna ya kubonyeza kitufe mara nyingi waliendelea vilevile hata malipo yalipobadilika, wakati waliojifunza kwa kujaribu waligeuka mapema. Ndivyo wapangaji wanavyosubiri maji Jumanne kwa kuwa karatasi inasema hivyo, na bomba siku hizi linatoka Jumatano. Weka tarehe ya kukagua kila sheria, tuseme baada ya miezi 3. Ukiibadilisha, bandua karatasi ya zamani siku hiyohiyo. Zikibaki mbili ukutani, kila mmoja atafuata inayompendeza.