Wali wa nazi na nguru wa kupaka kwa watu kumi: mwongozo kwa mwanafunzi wa upishi, Tanga

Wanafunzi wengi wa upishi hapa Tanga huingia darasani wakiwa wanajua kupika wali wa nazi. Wameuona ukipikwa nyumbani tangu utotoni. Jiko la mafunzo huwashinda kwa sababu pale chakula kinapimwa kwa gramu, kinatoka kwa saa iliyopangwa, na sahani ya kumi lazima ilingane na ya kwanza. Mwongozo huu unahusu zoezi la vitendo la saa mbili na nusu: kuanza saa 3:00 asubuhi, kugawa saa 5:30.

Manunuzi

Kwa watu kumi chukua mchele kilo 1, nazi kavu 5 na nguru mzima wa kilo 3 hivi. Ukitoa kichwa, mkia na matumbo, hubaki karibu kilo 1.8 hadi 2 za vipande, yaani gramu 180 au zaidi kwa kila mtu. Mwanafunzi anayenunua kilo 2 kwa hesabu ya gramu 200 kwa kila mtu hugundua kosa lake kisu kikiwa mkononi. Ongeza vitunguu maji 4 (viwili vya mchuzi, viwili vya kachumbari), nyanya 8 zilizoiva, swaumu punje 6, tangawizi gramu 20, pilipili mbuzi 2, ndimu 5, ukwaju gramu 40, bizari ya manjano na bizari nyembamba kijiko kimoja kimoja cha chai.

Samaki nunua asubuhi ileile, pale Deep Sea mashua zinapoteremsha. Mtazame macho: yawe yametuna na maangavu. Funua matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza mnofu, ukibaki na shimo muache. Nenda na ndoo yenye barafu, maana nguru na jodari wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ya histamini ambayo kupika hakuiondoi. Mtu akila huwashwa, uso humuiva na kichwa humgonga, hata kama samaki alichomwa vizuri kabisa. Wakati wa kusi bahari ikichafuka nguru huwa wachache. Changu au kolekole watafaa, ila changu mzima mmoja wa gramu 400 kwa kila mtu ni bora kuliko kumkata vipande.

Nazi itikise sikioni usikie maji. Ukifika jikoni vunja kila moja juu ya bakuli lake peke yake, onja kipande, ndipo uichanganye na nyingine. Nazi moja iliyooza huharibu tui lote, na harufu yake haifichiki kwa bizari.

Samaki kwanza, nazi baadaye

Wengi hukimbilia mbuzi kwanza kwa kuwa kukuna nazi ndiyo kazi wanayoijua. Mpango huo una hasara mbili: tui linakaa muda mrefu kwenye joto letu la pwani na kuanza kuchacha, na samaki anakosa muda wa kuingiwa na viungo. Anza na samaki. Nawa mikono kwa sabuni, funga aproni na kofia, kisha tumia kibao cha buluu, ambacho katika majiko ya mafunzo huwekwa kwa ajili ya samaki mbichi. Cha kijani kiache kwa mboga.

Para magamba, toa matumbo na matamvua, suuza damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo (hiyo ndiyo huleta shombo), kausha kwa karatasi, halafu kata vipande vya unene wa sentimita 2. Unene ukitofautiana, chembamba kitakauka kinene kikiwa bado kibichi karibu na mfupa. Paka chumvi vijiko 3 vya chai, nusu ya swaumu na tangawizi iliyotwangwa, na maji ya ndimu 2. Weka kwenye friji kwa dakika 30. Akikaa sana kwenye ndimu, tindikali huanza kuuivisha mnofu, ukawa mweupe, na motoni akatoka mkavu na wa kumegekamegeka. Kama jiko limekuchelewesha, mpanguse ndimu.

Sasa osha meza, kisu na mikono kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa nazi.

Tui

Hapa ndipo zoezi linapofaulu au kufeli. Kuna nazi 5, na unahitaji tui zito mililita 800 na tui jepesi lita 2. Zikune kwa mbuzi, ukiacha ganda la kahawia, maana likiingia tui huwa la kijivu. Mimina mililita 600 za maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia, uifikiche nazi kwa dakika 3, kisha kamua kwenye kifumbu au kitambaa safi. Maji baridi hayafai, kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi na kubaki kwenye machicha. Hilo la kwanza liweke kwenye friji. Rudia machicha yaleyale kwa lita 2 za maji ya uvuguvugu upate tui jepesi. Ukitumia blenda, zungusha kwa sekunde 40 kwa awamu ndogondogo.

Usiyachanganye matui mawili ili kurahisisha kazi. Tui jepesi huvumilia moto mrefu, zito halivumilii.

Wali

Saa 4:15 washa makaa ya samaki, yanahitaji dakika 20 na zaidi hadi yawe mekundu yenye majivu. Chagua mchele kwenye ungo, uoshe mara tatu, uchuje. Saa 4:35 chemsha lita 1.6 za tui jepesi kwenye sufuria yenye kitako kizito, pamoja na chumvi vijiko 3 vya chai vilivyosawazishwa na, ukipenda, punje 4 za iliki. Iliki ya milima ya Amani ina harufu kali, kwa hiyo usizidishe. Tia mchele, koroga mara moja, acha moto wa wastani bila kufunika. Tui likikaribia kukauka na vishimo vikaonekana juu ya wali, mimina mililita 200 za tui zito, geuza taratibu kwa mwiko kutoka pembeni, funika, punguza moto, palia makaa juu ya mfuniko kwa dakika 15 hadi 20. Kwenye jiko la gesi, hamishia sufuria iliyofunikwa vizuri kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa muda huohuo. Kisha uache upumzike dakika 10.

Mchele mpya hunywa tui kidogo. Punguza mililita 150. Pima siku moja kabla kwa gramu 200 za mchele uleule utakaotumia, kwa kuwa hakuna kipimo cha kitabuni kinachojua mchele wako umekaa ghalani muda gani. Wali ukitoka na kiini, nyunyizia mililita 100 za maji ya moto, funika tena dakika 8. Ukiwa umevurugika kama uji, umeukoroga mno. Hautengenezeki, panua tu kwenye sinia upoteze mvuke. Ukiungua chini, usikwangue ukoko: hamisha wa juu haraka kwenye sufuria nyingine kabla harufu ya moshi haijapanda.

Kuchoma na kupaka

Pasha wavu hadi uwe wa moto sana, upake mafuta, panga vipande. Usivisogeze kwa dakika 4. Kipande kilichoiva upande wa chini huachia chenyewe, kisichoiva huacha ngozi yake kwenye wavu. Geuza, dakika 4 nyingine, toa. Kwa sasa bado hakijakamilika.

Mchuzi uanze saa 4:50. Kaanga vitunguu viwili vilivyosagwa kwa mafuta vijiko 3 vya mezani hadi viwe na rangi ya dhahabu, tia swaumu na tangawizi iliyobaki, bizari zote mbili kwa nusu dakika, nyanya 4 zilizokunwa, pilipili moja. Ikaushe hadi mafuta yaelee, mimina tui jepesi mililita 400, chemsha dakika 7. Punguza moto ndipo utie tui zito lililobaki, mililita 600 hivi (bakiza vijiko viwili vya akiba), ukikoroga bila kuacha na kuchota juu na kumwaga kwa upawa. Likichemka kwa fujo protini inayoshikilia mafuta huvurugika, tui hukatika: mafuta juu, vibonge chini. Ukwaju huharakisha jambo hilo, basi maji yake yaliyochujwa yatie mwishoni kabisa, mchuzi ukishakuwa mzito wa kushika mgongo wa kijiko. Likikatika, toa motoni, ongeza tui zito vijiko viwili ulivyoweka akiba, koroga kwa nguvu.

Paka vipande pande zote, virudishe kwenye makaa hafifu dakika 2 kila upande, ukipaka tena. Chomeka kipimajoto karibu na mfupa: nyuzi 63 au zaidi. Moto mkali hapa huunguza bizari na kuleta uchungu.

Kugawa

Kachumbari iwe ya mwisho, saa 5:15: vitunguu viwili vikamuliwe kwa chumvi na kusuuzwa, nyanya 4, pilipili ya pili, ndimu zilizobaki ziwe za kukamulia. Ikikaa inachuruzika na kulowesha wali. Pasha sahani. Pima wali wa sahani ya kwanza kwa mzani, gramu 230 hivi, halafu tumia bakuli lileile kwa zote. Onja kwa vijiko viwili, kimoja cha kuchotea na kimoja cha mdomoni. Mkufunzi hulitazama hilo kabla hajaonja chochote.

Wali uliobaki utandaze kwenye sinia, uingie friji ndani ya saa mbili, kwa kuwa vijidudu vya mchele huacha mbegu zisizokufa kwa kuchemsha. Kifumbu kioshwe papo hapo kwa maji ya moto na kuanikwa juani; kikilala na mafuta, tui la zoezi lijalo litachacha kabla ya kufika jikoni.