Namna ya kumwandikia barua mfungwa wa kisiasa Urusi

Machi 2022 Urusi ilipitisha sheria inayoweza kumfunga mtu miaka 15 kwa "habari za uongo" kuhusu jeshi. Julai mwaka huohuo Alexei Gorinov, diwani wa Moscow, alipewa miaka 7 kwa maneno aliyoyasema kikaoni kupinga vita ya Ukraine. Wako wengi kama yeye, na barua huwafikia.

Andika kwa Kirusi (mimi nilisoma Voronezh, mji wa Urusi, ndiyo bahati yangu), kwa sababu kila barua husomwa gerezani kwanza. Vita usiitaje, wala kesi ya mfungwa: utamponza. Kwenye bahasha weka jina lake, la baba yake, la ukoo na mwaka wa kuzaliwa. Ndani tia karatasi tupu na bahasha yenye stempu za kule. Kadi zetu za Visa hazilipi Urusi tangu Visa isimamishe shughuli zake huko Machi 2022, kwa hiyo stempu hununuliwa na rafiki.

Kisha simulia maisha. Mimi nilimwandikia mfungwa mmoja jinsi embe dodo zinavyoangukia bati letu usiku. Jibu lilichukua miezi mitatu, mistari miwili imefutwa kwa wino mweusi. Chini aliuliza: embe bichi mnalila na nini?

Nilimjibu siku hiyohiyo: chumvi na pilipili.