Chombo cha kuanzia kuchachusha waini nyumbani

Wadau wanaoanza kutengeneza waini home, iwe ya rozela, nanasi au zabibu za Dodoma, wengi wanaumiza kichwa na hamira na sukari halafu chombo wanachukua chochote kilichopo jikoni. Hapo ndo waini nyingi zinaharibikia, zile siku tano mpaka saba za mwanzo wakati matunda bado yamo ndani na povu linapanda.

Kiukweli ndoo ya plastiki ya chakula yenye mdomo mpana inatosha kabisa. Maganda na nyama ya tunda vinasukumwa na gesi vinapanda juu, vikikaa pale vikakauka vinaota ukungu au waini inageuka siki, kwa hiyo unatakiwa uvizamishe na mwiko safi asubuhi na jioni. Sasa dumu la maji lenye shingo nyembamba mwiko haupiti, nyuzi za nanasi zinaziba, gesi inakosa pa kutokea na mfuniko unaruka. Dumu liache la hatua ya pili ukishachuja.

Saizi nayo, ndoo ya lita 20 weka lita 14 au 15 basi, juu paachie povu, la sivyo utadeki sakafu na inzi watahamia kwako.

Ukienda Kariakoo usinunue kwa rangi. Geuza ndoo uangalie kitako, tafuta alama ya glasi na uma, hiyo ndo inasema plastiki inafaa kwa chakula, ile pembetatu yenye namba 2 inakuambia aina ya plastiki tu. Kama ni used fungua mfuniko unuse ule mpira wa pembeni maana harufu inajificha pale, ikinuka achari rudisha, ndoo ya rangi ya ukuta ndo usiiguse kabisa hata muuzaji akuapie ameiosha. Halafu pitisha vidole ndani, ukisikia mikwaruzo achana nayo, bakteria wanakaa humo na hawatoki kirahisi, na ndo maana hata yako mpya usiisugue na stilwaya, tumia sponji laini.

Ndoo ya bati na sufuria ya alumini hapana. Asidi ya matunda inakula zinki na alumini, waini inakuwa na ladha ya chuma na zinki ikizidi tumbo litakusumbua. Stenlesi ni safi sana kama mfuko unaruhusu.

Mfuniko usikaze siku hizi za mwanzo, funika na kitambaa safi kizito kidogo ufunge na raba, gesi itoke na vile vijinzi vya matunda visiingie, maana ndo vinaleta siki.

Na joto letu la Dar, hasa Januari na Februari, lifikirie kabla hujanunua. Waini ikichacha inatoa joto lake yenyewe juu ya lile la chumba, ikipita nyuzi 35 hamira inachoka na inaweza kugoma katikati. Chukua ndoo inayoingia kwenye beseni lako, unaweka maji ndani ya beseni, unazungushia taulo bichi unapigia feni. Ukiwa na matunda mengi nunua ndoo mbili za lita 20, usikimbilie pipa la lita 100, mzigo mkubwa unashika joto katikati na beseni la kuupoza hulipati.