Kumwanzishia mgonjwa wa kiharusi mchezo unaosoma ubongo, hatua kwa hatua

Naandikia wenzangu wa fiziotherapia na mafundi wa vifaa vya hospitali hapa Uganda, baada ya kumsaidia binti mmoja wa Bombo aliyetaka kumfungia mama yake mchezo huu nyumbani. Mgonjwa anawazia kufungua kiganja kilichopooza. Ubongo ukitoa dalili ya wazo hilo, mkono ulioko kwenye skrini unaokota embe.

Hatua ya 1: Mgonjwa

Daktari wake akubali, presha iwe imetulia, na awe anaelewa maagizo. Aliyewahi kupata degedege au kifafa arudi kwanza kwa daktari.

Hatua ya 2: Vifaa

Mimi natumia OpenBCI Ganglion, kifaa kinachopokea mawimbi ya ubongo kupitia elektrodi, yaani vijisahani vinavyobandikwa kichwani. Ina njia 4 tu na inapima mara 200 kwa sekunde; kwa mkono mmoja inatosha. Programu yangu ni OpenViBE ya taasisi ya utafiti ya Inria, Ufaransa. Ni ya bure, na mfano wa zoezi la kuwazia mkono umo ndani tayari. Mikanda ya kufunga kwenye paji la uso usinunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Eneo la ubongo linaloongoza mkono liko kati ya utosi na sikio. Pale kwenye paji utavuna kupepesa macho na kukunja uso.

Hatua ya 3: Elektrodi kichwani

Usiharakishe hapa. Kazi nyingi huharibikia kwenye hatua hii, na mchezo ukazidi kuchezeka kana kwamba hakuna kasoro.

Anza na heshima. Ukimhudumia hajjati, funga mlango, mwombe ruhusa kabla hajavua mtandio, na muuguzi wa kike ndiye amshike kichwa.

Kisha nywele. Miongozo mingi imeandikwa kwa nywele laini zilizonyooka. Nywele zetu nzito huinua elektrodi, haigusi ngozi. Usimwambie mtu anyoe! Mwombe aje amesukwa mistari, bila rasta za kuongezea, na njia kati ya mistari zipite kwenye alama utakazopima. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha kwamba usukaji wa namna hiyo huboresha mguso. Mafuta ya nywele pia ni kikwazo, iwe Vaseline au “moo yao” (mafuta ya shea) ya kaskazini. Kichwa kioshwe kwa shampuu siku hiyohiyo, kisipakwe kitu, nawe usugue kila alama kwa pamba yenye spiriti.

Kupima, chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka panapoanzia pua, kati ya macho, mpaka kifundo cha kisogo. Kisha kutoka mbele ya sikio hadi mbele ya sikio la pili kupitia utosini. Nusu kwa nusu zinapokutana ni alama iitwayo Cz. Kutoka Cz shuka kuelekea sikio kwa asilimia 20 ya kipimo cha sikio hadi sikio: kikiwa sentimita 35, shuka 7. Kushoto ni C3, inayohusu mkono wa kulia. Kulia ni C4, inayohusu mkono wa kushoto. Mimi hufuata upande wa ubongo ulioumia. Kifaa cha IpsiHand, cha mazoezi ya mkono kinachosoma ubongo, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2021, husoma upande usioumia, kwa hiyo usichanganye maelekezo yake na haya.

Weka Ten20, yaani ute mzito unaopitisha umeme, kiasi cha punje ya harage, bonyeza, kisha angalia ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi. Chini ya kilo-omu 10 ndiyo shabaha yangu. Ukiona mstari mnene wa 50 Hz (mtikisiko wa mara 50 kwa sekunde), huo ni umeme wa ukutani: chomoa chaja, laptopu itumie betri, zima taa ya tyubu. Ukibaki, rudi kwenye mguso kabla ya kugusa vichujio vya programu.

Mwisho, mwambie aume meno. Utaona mawimbi yakichafuka. Kariri sura hiyo. Mgonjwa anayejitahidi sana hukaza taya bila kujua, embe linaokotwa, familia inapiga makofi, na ubongo haujafundishwa kitu.

Hatua ya 4: Kuifundisha programu

Linganisha kuwazia mkono mgonjwa na kupumzika, si mkono wa kulia na wa kushoto. Mawimbi ya 8 hadi 13 Hz juu ya eneo la mkono yanapaswa kupungua anapowazia. Lugha ina kazi kubwa:

“Mama, usiutazame mkono. Sikia vidole vikiachia mpini wa jembe.”

“Mwanangu, nausikia, ila hauji.”

“Kuusikia huko ndiko ninakokutaka, mama.”

Hatua ya 5: Kucheza

Vipindi vifupi, mapumziko mengi. Embe likiokotwa, msaidizi afungue kile kiganja papo hapo, asingoje. Katika utafiti wa Tübingen, Ujerumani, mwaka 2013, wagonjwa 32 wote walipata fiziotherapia, lakini waliopata nafuu zaidi ni wale ambao kifaa kilisogeza mkono kwa kufuata ubongo. Wenzao kiliwasogeza bila mpangilio. Na kwa kuwa wote walipata fiziotherapia pia, mazoezi ya kawaida yafuate siku hiyohiyo.

Ukimaliza, osha elektrodi kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini kabla Ten20 haijakauka.