Dhamana ya kazi ya fundi: soma hapa kabla hujauliza

Wakuu, kila wiki naulizwa jambo lilelile: "Fundi alinipa dhamana ya mwaka, sasa bafu linavuja na hataki kurudi, nifanyeje?" Naandika yote mara moja. Ukiuliza kilichomo humu, nitakurudisha juu.

1. Jua una dhamana ngapi. Kuna ya kiwanda, inayohusu kifaa: pampu, hita ya maji, koki. Kuna ya fundi, inayohusu kazi ya mikono yake. Hita ikiharibika ndani, fuata kiwanda. Ikivuja pale fundi alipounga bomba, mfuate fundi. Ya kiwanda mara nyingi inakupa kifaa tu. Gharama ya kukifungua na kukifunga upya inabaki kwako, labda iwe imeandikwa vinginevyo.

2. Andikianeni: kazi iliyofanyika, tarehe ya kumaliza, muda wa dhamana, kisichohusika, fundi arudi ndani ya siku ngapi akiitwa, na nani analipia kuvunja na kurudishia. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye pesa nyingi.

3. Tunza risiti na namba ya kifaa.

4. Piga picha za mabomba na nyaya kabla ukuta haujafunikwa. Weka futi kamba pembeni ili vipimo vionekane.

5. Jaribuni kabla ya kukabidhiana. Bafu lililopakwa dawa ya kuzuia maji lizibwe tundu la kutolea maji, lijazwe maji kidogo na kuachwa saa 24 kabla vigae havijawekwa. Kama chini hakuna unyevu, endeleeni.

6. Kubakiza sehemu ya malipo ni kawaida kwenye mikataba ya ujenzi, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Mkubaliane siku ya kwanza. Ukiizua siku ya mwisho, hiyo ni dhuluma.

7. Matunzo. Zege limwagiliwe angalau siku 7. Nguvu yake hupimwa siku ya 28. Plasta ya saruji iachwe ikauke kama wiki 4 kabla ya rangi. Silikoni isiguswe na maji kwa saa 24, au zaidi kama maelekezo yake yanasema hivyo. Vigae visioshwe kwa asidi, maana inakula saruji iliyojazwa kati yake. Usimruhusu mtu atoboe paa kufunga dishi bila kumjulisha aliyeezeka.

8. Tatizo likitokea, USIGUSE. Hapa ndipo nilipopoteza dhamana yangu. Dari ya chini ya bafu ilianza kuweka doa. Nilimpigia fundi siku mbili hakupokea, nikapandwa na hasira, nikaita mwingine. Akavunja vigae safu tatu, akachimba mpaka kwenye bomba, akaziba. Fundi wa kwanza alipokuja alikuta kila kitu kimeshafumuliwa. Akaniuliza, "Nitajuaje kilichovuja ni changu?" Sikuwa na picha wala ujumbe wowote, simu tu ambazo hazikupokelewa. Nililipia kazi nzima mara ya pili, na mpaka leo naamini kosa lilikuwa lake. Kwa hiyo: piga picha na video, tuma taarifa kwa maandishi yenye tarehe, mpe siku za kuja kukagua, taja utakachofanya asipokuja. Zikipita, mlete fundi wa pili aandike alichokiona KABLA hajavunja.

Onyo: hii haina maana uache nyumba iloe. Funga vali, zima umeme upande huo, kinga maji kwa ndoo. Kuzuia hasara isiongezeke ni wajibu wako, na hakuondoi dhamana.

MASWALI

– Mkuu, pampu imekufa, nimdai fundi au duka?
Hatua ya 1.

– Sijasoma yote, ni ndefu. Fundi kasema kwa mdomo mwaka mmoja, inatosha?
Hatua ya 2. Ni mistari michache tu, isome.

– Naona unawatetea mafundi. Wao ndio wanaotutapeli.
Sijamtetea mtu. Nimekuonyesha ushahidi unavyopotea, na asiye na ushahidi hushindwa hata akiwa na haki.

– Fundi wangu ni binamu yangu. Nikileta karatasi ataona simwamini.
Swali zuri sana, dada. Usilete karatasi. Kazi ikiisha mtumie ujumbe: "Asante binamu, kazi imekamilika leo, tulikubaliana ukirudi kurekebisha ndani ya miezi sita ni bure, sivyo?" Akijibu "ndiyo", umeshaandikiana naye, na undugu wenu umebaki salama.

– Akirudi akarekebisha, dhamana inaanza upya?
Mara nyingi hapana, unaendelea na muda uliobaki. Ila unaweza kuomba sehemu iliyorudiwa ipewe muda wake. Omba wakati huohuo, maana fundi aliyekuja kurudia kazi huwa hapendi kuitwa mara ya tatu.

– Nyufa nyembamba kwenye plasta mpya, nimwite?
Zile kama unywele mara nyingi zinatokana na plasta kusinyaa ikikauka. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe. Ukivuka alama au ukipanuka, mwite na umwonyeshe.

– Naongezea: bakizeni vigae vichache na kopo la rangi lenye namba. Mkupuo mwingine wa kiwanda unaweza kutofautiana rangi kidogo, kiraka kikaonekana.
Kweli kabisa. Mimi huandika jina la chumba kwenye kifuniko.

– Na unga mweupe unaotoka ukutani?
Ni chumvi inayotolewa na unyevu. Isugue kwa brashi kavu, usiioshe, kisha tafuta maji yanaingilia wapi. Ukipaka rangi juu yake itabanduka.