Somo: Namna ya kusikiliza "Death Comes to Time" bila kupotea

Mchezo huu wa kusikiliza wa Doctor Who, mfululizo wa BBC kuhusu Doctor, msafiri wa wakati, unawagombanisha mashabiki kwa sababu moja: Doctor wa saba, yaani sura yake ya saba, anakufa. Habadiliki mwili na kupata sura mpya, kama ilivyo kawaida yake akifikwa na kifo. Anakufa, basi.

Hatua ya 1. Tazama kwanza filamu ya televisheni ya 1996. Usiiruke, ndipo ugomvi ulipoanzia. Sylvester McCoy, aliyemwigiza Doctor tangu 1987, anatua San Francisco, anapigwa risasi, anafia mikononi mwa madaktari, kisha anaamka ana sura ya Paul McGann. Sasa huyo huyo atawezaje kufa tena kwingine?

Hatua ya 2. Jua mchezo ulivyozaliwa. Sehemu ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya redio, BBC Radio 4 wakaikataa. Julai 2001 ikawekwa kwenye tovuti ya BBC pamoja na michoro ya kusindikiza sauti; zilizobaki zikafuata 2002, jumla sehemu tano. Wakati huo mfululizo ulikuwa umekatwa televisheni tangu 1989, na filamu ya McGann haikuzaa kitu. Nani angejua kwamba 2005 ungerudi? Ndiyo maana mchezo unasikika kama matanga: watu wanaagana.

Hatua ya 3. Vaa spika za masikioni, usikilize kwa mpangilio. Jenerali Tannis (John Sessions) anavamia sayari ya Santiny, huku Ace, msichana anayesafiri na Doctor, akifundwa mbali, na Stephen Fry akipita kama Minister of Chance. Ukisikiliza huku unapika, umepotea.

Hatua ya 4. Andika kila kinachogongana na televisheni. Kwenye televisheni, Mabwana wa Wakati (Time Lords, taifa la Doctor) ni watu wa majoho, mabaraza na mashine. Humu wana nguvu kama za miungu, na mwiko wao ni kuzitumia. Kwangu hili ni zito kuliko kifo chenyewe. Kifo utakitafutia ujanja. Hulka ya taifa zima utaifanyaje?

Hatua ya 5. Amua mwenyewe. BBC haina orodha ya hadithi zilizo rasmi na zisizo rasmi, kwa hiyo usimsubiri hakimu.

MASWALI

– Mkuu, ina maana michezo yote ya kusikiliza haihesabiki?

Hapana. Big Finish, kampuni ya michezo ya kusikiliza, wanatoa ya kwao ya Doctor Who tangu 1999. Mwaka 2013, katika kipande kifupi cha The Night of the Doctor, McGann aliwataja Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin na Molly, wote wasafiri wenzake wa Big Finish. Baada ya hapo, kuikana michezo hiyo ni kazi.

– Si tuseme tu ni ulimwengu mwingine, yaishe?

Wengi husema hivyo. Mimi sipendi, ni kama kumlaza mgeni msumbufu banda la uani halafu ukajisifu kwa ukarimu.

– Ace naye anakufa? Niambie kabisa nisije nikalia kwenye daladala.

Hafi, dada. Ila sehemu ya tano isikilizie nyumbani.

– Kwa hiyo McCoy ndo aliishia hapo?

Wapi! Kafa 1996, kafa tena 2002, na Big Finish wakaendelea kumrekodi akiwa Doctor yule yule.