Namna ya Kuwatuza Wanaojitolea na Wachangiaji Katika Kundi la Larpu

Larpu ni mchezo ambao watu huvaa uhusika na kuuishi msituni au ukumbini kwa siku mbili tatu, na husimama kwa jasho la wasiolipwa. Anayeamka alfajiri kupika, na anayevaa kinyago cha zimwi apigwe upanga wa sponji kutwa nzima, ndio wanaobeba furaha ya wengine. Wakisahauliwa, msimu ujao hawaji. Utaratibu huu wa pointi, ambazo mtu huzibadilisha kwa zawadi, unalifaa kundi la watu 40 hadi 100.

Hatua ya 1: Tangaza viwango kabla ya usajili. Saa 1 ya kazi ya kawaida iwe pointi 1. Kazi zinazokimbiwa (kusafisha vyoo, zamu ya usiku, kufungasha vitu Jumapili jioni) ziwe pointi 2 kwa saa. Ukilipa zote sawa, meza ya mapokezi itajaa watu na vyoo vitaachiwa mtu yule yule.

Hatua ya 2: Andika papo hapo. Kila mkuu wa zamu awe na kadi za karatasi. Zamu ikiisha, anaandika saa na kutia saini. Mtu mmoja tu aingize kadi zote kwenye kompyuta ndani ya siku 7. Saa zinazodaiwa kwa kukumbuka, mwezi mzima baadaye, huzaa ugomvi.

Hatua ya 3: Pokea mnachohitaji tu. Wiki 6 kabla, toa orodha: betri, rangi za uso, utepe wa gundi, maji. Kisichokuwa kwenye orodha hakina pointi, la sivyo stoo itajaa majoho yaliyotoboka. Pima kwa risiti, dola 5 kwa pointi 1. Kilichokwisha kutumika, nusu yake. Kwa kilichoshonwa kwa mkono, hesabu bei ya vitambaa na saa mlizokubaliana kabla ya kazi kuanza. Upanga usiopita ukaguzi wa usalama haupewi pointi hata kama ni mzuri wa kutazama.

Hatua ya 4: Weka kikomo, na usikilegeze. Hapa ndipo makundi mengi huharibikiwa. Michango ya fedha na vitu isizidi pointi 20 kwa mtu kwa kila tukio. Kazi haina kikomo. Nguvu za mhusika zinazonunuliwa kwa pointi kwa mwaka zisizidi zile ambazo mchezaji angezipata kwa kuhudhuria tukio moja. Bila hivyo mwenye fedha atawaacha mbali wanaocheza kila mwezi, na mgeni ataona hana nafasi. Pointi zife baada ya miezi 24, maana zikirundikana, siku moja watu watazitumia zote kwa pamoja na mchezo kuyumba.

Vingine vya kununua kwa pointi: punguzo la kiingilio, kitanda kizuri, au barua ya siri inayomfungulia mhusika kisa chake mwenyewe. Barua hiyo inagharimu karatasi tu, na ndiyo inayokumbukwa zaidi.

Hatua ya 5: Shukuru hadharani. Amtgard, mchezo ulioanzia El Paso, Texas, mwaka 1983, una tuzo ya Waridi kwa ajili ya utumishi, nayo hupanda kwa ngazi. Iga hilo. Taja kazi yenyewe: "alipikia watu 80 jiko likiwa limeharibika." "Ahsante kwa wote" haimgusi yeyote.

Kwa makundi ya Marekani yaliyosajiliwa kama asasi za hisani: mchangiaji akitoa zaidi ya dola 75 na kupewa kitu chenye thamani, mwandikieni thamani ya alichopokea, kiasi kinachozidi hapo tu ndicho cha kudai kwenye kodi. Saa za kujitolea hazidaiwi.